Saumu ya Rukia

Jumatano mchana, Likoni.

Joto la leo halina adabu. Tangu asubuhi hakuna upepo, nami nimekaa ukumbini na kanga moja, mdogo amelala hapa mkekani, dadake yuko chumbani. Futari sijaanza. Mbaazi zimelowekwa tangu jana na ninaziangalia tu.

Ninaandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitajitetea. Najijua.

Rukia ana miaka sita, ndiye mwanangu wa kwanza, na mwezi wa Shaabani alikuwa akikojoa kitandani. Si kila siku, lakini wiki ile ilikuwa mara ya tatu, maji ya mfereji yamekatika, na mdogo wake anaota meno, hataki kuwekwa chini. Nikaingia chumbani asubuhi nikakuta godoro limerowa, naye amejibanza ukutani ananitazama. Nilimvua nguo za kulalia, nikamfunga mabegani shuka lile lile lililorowa, nikamtoa barazani, kisha nikawaita watoto wa majirani, kwa sauti yangu mwenyewe, waje wamuone kikojozi.

Watoto hawaitwi mara mbili kwa jambo kama hilo. Walikuja na makopo na mifuniko ya sufuria, wakamwimbia ule wimbo wa vikojozi ambao kila mtoto wa pwani anaujua, wakampitisha nyumba tatu mpaka kwa muuza makaa. Watu wazima walitoka milangoni kucheka. Rukia hakulia. Alizishika ncha za shuka lisimdondoke, akatembea.

Na mimi nilicheka. Wacha niliandike na hilo.

Wallahi sikuona ubaya. Ndivyo tulivyolelewa, mimi mwenyewe niliimbiwa nikiwa darasa la kwanza, mamangu amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Nikajiambia dawa ya kikojozi ni aibu. Na kweli, tangu siku ile godoro halikurowa tena. Nilimsimulia kila aliyekuwa na masikio kwamba mwanangu amepona kwa siku moja. Kama alikuwa amepunguza kunywa maji, sikutazama.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza akaja jikoni akaniambia, "Mama, na mimi nafunga." Nikamwambia afunge mpaka adhuhuri kama watoto wenzake. Akakataa. Alifunga mpaka magharibi, siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Kichwa kilinivimba. Niliwarekodia dada zangu sauti kwenye simu, nikawaambia watoto wao wakubwa waone haya. Maalimu wa madrasa akamsimamisha mbele ya wenzake akamsifu. Mimi nikawa natembea mtaani shingo juu, utadhani ndimi niliyeanzisha saumu.

Baba yao ndiye aliyeona. Hurudi kutoka kazini Changamwe karibu na adhana, na siku moja tukiwa tunafuturu akaniuliza mbona mtoto anakula tende na viazi lakini kikombe cha uji hakigusi, wala maji. Nilimjibu kwa ukali kwamba mwili umeshazoea, na kwamba mtu aliyeshindwa kufunga mpaka darasa la tano hana la kumfunza mwanangu. Akanyamaza. Yeye hunyamaza nikipandisha sauti, na leo natamani asingenyamaza.

Juzi Rukia aliletwa kutoka madrasa amejikunja, ameshika tumbo la chini. Jana asubuhi nikampeleka kliniki. Walimpa kichupa akojoe, na tulikaa chooni muda mrefu. Alifinya macho, akanishika buibui kwa nguvu, yakatoka matone machache ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Nesi akaniuliza kama mtoto anakunywa maji. Nikasema amefunga, tena nikasema kwa fahari. Akauliza, na baada ya futari je? Na wakati wa daku?

Rukia akajibu yeye, akimwangalia nesi, si mimi.

"Nikinywa nitakojoa. Nikikojoa mama ataita watu."

Nesi aliandika kwenye karatasi yake, kisha akamuuliza Rukia anapenda tunda gani.

Tangu jana maneno yale hayanitoki. Mtoto wa miaka sita alitafuta namna ya kukaa bila maji mchana na usiku bila ya kuulizwa na mtu, akaipata kwenye ibada, na sisi wakubwa tukampongeza. Siku zote hizo alikuwa na kiu ndani ya nyumba yangu, na mimi nikikoroga uji. Ni vibaya nilivyofanya. Sina jina jengine la jambo hilo.

Mara ngapi nimesema niliimbiwa na sikufa. Lakini je, niliacha kukojoa? Sikuacha. Nililala sakafuni bila shuka mpaka darasa la nne ili mama asikute kitu cha kuanika. Hilo nalijua siku zote, sijalisahau hata siku moja. Nililijua asubuhi ile barazani, na bado niliita watu.

Nesi amesema mwezi huu asifunge tena, amalize dawa za mkojo alizopewa na anywe maji kila mara. Anakunywa funda moja moja huku akiangalia mlango.

Kwetu mzazi hamuombi mtoto radhi. Mamangu hakuwahi, na sidhani kama mamake aliwahi. Leo saa nne nilimwita, akaitika "abee mama" kwa adabu zake zile zile, akaja tukakaa kitandani. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia kukojoa kitandani si kosa lake, na kwamba sitaita mtu tena maishani mwangu. Nikalia. Akanipangusa uso kwa kiganja kama anavyompangusa mdogo wake, na hapo ndipo nilipokwisha kabisa.

Kisha akaniuliza, "Na ukikasirika?"

Nilitaka kusema sitakasirika. Lakini mtoto huyu ananijua, na mtaa mzima unanijua. Nikamwambia ukweli, kwamba nikikasirika nitakasirika humu humu chumbani, mlango umefungwa, na hapana jirani atakayejua.

Akafikiri. Akageuka akautazama mlango.

"Huu haufungiki, mama. Komeo lilivunjika."

Ni kweli. Lilivunjika mwaka juzi na sikuwahi kuona haja yake. Kikombe chake kiko hapo dirishani, maji hayajapungua hata nusu. Nimempigia simu fundi, amesema atakuja kesho.

Nimemwambia aje leo.