Gari Hairudi Nyuma

Jumamosi, 5 Oktoba 2024

Nimenunua gari! Mimi Tarsisi! Dabo kebini nyeupe. Mkweche kidogo, lakini injini inaunguruma kama simba aliyeshiba. Mwenyewe alikuwa Placidi wa Lituhi, alikuwa anabebea dagaa wa ziwani, usipa, mpaka magamba yameingia kwenye viti. Mwanangu Clemence alisema nenda na fundi Elias. Fundi wa nini? Mimi nilikuwa utingo wa lori la kahawa, Elias hajaota meno. Nimenusa moshi — safi. Nimelaza sikio kwenye boneti. Oili nimeipima kwa kidole. Matairi yote nimeyapiga teke, hata la akiba. Tukazunguka nayo mchangani kandokando ya ziwa, wavuvi wanashangaa.

Placidi mtu mkweli. Kabla hatujashikana mikono akasema, ila mzee, nikwambie kabisa, hii gari hairudi nyuma. Nikacheka! Nikamwambia na mimi sirudi nyuma, tutaelewana! Akanitazama, akacheka na yeye. Biashara ikaisha.

Mlima wote imepanda. Haikukohoa hata mara moja.

Jumapili, 6 Oktoba

Mpepai yote imekuja kutazama. Mke wangu Luisa amekaa kiti cha mbele kutwa, gari imesimama tu barabarani! Tangu Pasaka bodaboda imwangushe akaumia goti, hapandi tena pikipiki. Parokia mbali. Misa anaisikia redioni, halafu analia kidogo, anadhani sioni. Ndiyo maana aliuza nguruwe wake wote tukaongezea hela ya kahawa.

Lakini Clemence ameweka neno mbele ya ndugu. Gari ikionekana ina ugonjwa, inauzwa wiki hiyohiyo, mama asije kufia njiani. Luisa akaitika. Na mimi nikaitika. Ugonjwa utoke wapi?

Jumatatu, 7 Oktoba

Asubuhi nimeingiza gari uani. Pua ikafika kwenye banda la nguruwe. Nikatia rivasi. Injini ikalia — gari imesimama. Nikatia tena. Wapi!

Nimempigia Placidi. Mzee, anasema, si nilikwambia hairudi nyuma? Ukacheka mwenyewe! Nikadhani umeipenda hivyohivyo. Kule ufukweni mtu anazunguka tu, rivasi ya nini?

Nimekata simu. Hairudi nyuma! Kiswahili hiki!

Nimekaa humo ndani nikiwaza. Nikatoa hendibreki ili nishuke niisukume. Gari ikaanza kurudi! Yenyewe! Ua wetu una mteremko, pua ilikuwa juu. Ikashuka polepole mpaka barabarani, mimi nashika usukani tu. Nani kama mimi? Mungu aliwaweka Wamatengo milimani kwa makusudi! Ukipaki pua juu, mlima ndio rivasi.

Luisa hajaona kitu. Alikuwa ndani anachemsha majani ya mlimao ya kuoshea viti vya gari.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeenda kwa Elias kwa siri. Shikamoo babu, anasema, leo umemkumbuka fundi? Nimemwacha aseme. Ameingia chini ya gari. Injini nzima, breki nzima — nilisema mimi! Ila gia boksi lazima ishushwe, tutafute iliyotumika Songea. Hiyo mpaka kahawa ilipwe tena. Amebadilisha oili, amekaza nati za mbele. Ameapa hatasema. Akanicheka: babu, basi ilaze kama mbuzi, kichwa juu!

Ijumaa, 11 Oktoba

Mbinga mjini na Luisa! Sokoni, dukani, zahanati. Kote nimepaki pua juu, kote imerudi yenyewe. Jirani yangu Adolf ana macho mabaya. Mzee Tarsisi, anasema, mbona gari yako kila siku inaangalia mbinguni? Nikamwambia inasali, ya kwako je? Hana hata baiskeli! Watu wakamcheka.

Jioni Clemence ameizunguka gari yote. Akasema baba, nilikukosea, umenunua chombo. Nimefurahi. Halafu nikatoka kutazama tena kama imekaa pua juu.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye gari, uwanja wa parokia.

Luisa amesali Misa! Kitenge kipya, goti na yote. Akina mama walimshangilia mlangoni. Kufika tu nilitaka kupaki kule barabara ya juu, kwenye mteremko. Mama Lidia wa halmashauri ya parokia akanikatalia: leo Padri anabariki vyombo, gari zote uwanjani, pua ukutani. Uwanja wenyewe umesawazishwa kama meza. Nikaingia, pua ukutani.

Tumebarikiwa. Maji yamejaa kioo. Wenzangu wote wamerudi nyuma wamegeuza wameondoka. Nilisema nitasubiri watu waishe, nitafute vijana wa kusukuma, Luisa nimtume dukani. Mpango mzuri! Kumbe Padri ana Misa nyingine Namswea, na pikipiki yake ina pancha. Luisa akamwambia, mbele ya akina mama wote, Baba Padri, sisi tuna gari! Amelisema kwa sauti. Sijamsikia na sauti hiyo tangu Pasaka.

Padri ameenda kuvua kanzu. Luisa ameshafunga mkanda. Clemence amesimama nyuma ya gari, mkono juu, anaita njoo baba, njoo, njoo, kata kulia! Hata sijawasha. Adolf naye kaja, kaegemea ukuta, anakula karanga.

Luisa anauliza unaandika nini, mbona hutii gia? Nimemwambia nasali.

Akasema basi sali haraka, Padri yule anakuja na begi lake.

Kweli anakuja. Nimeshusha kioo. Nimemwita Clemence dirishani, nimemwambia njoo peke yako, usipige kelele, nikwambie gari hii ina nini. Anakuja huku anacheka —