Idi ya Watu wa Mwezini

Kabasa, Bunda
22 Aprili 1956

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na mama hamjambo na saumu inakwenda salama. Sisi wazima, ila moyo wangu si mzima.

Unaikumbuka ile sinema uliyonipeleka nikiwa mdogo, gari la sinema lilipokuja kwetu Nyasho na shuka jeupe likatundikwa? Wale watu walioshuka mwezini hawajanitoka mpaka leo. Kila tukishafuturu nawasimulia watoto wa hapa jinsi watu wanavyoishi huko juu, wanavyolima na kuoana. Mama mkwe amesikia. Anasema nauchezea mwezi wa Mungu, tena ndani ya Ramadhani. Mume wangu Nassibu kaapa nisipoacha, Idi nitaila kwako.

Nifanyeje, baba?

Mwanao,
Shani

Musoma
28 Aprili 1956

Mwanangu Shani,

Marahaba. Huku salama, mama yako anakusalimu sana.

Barua yako imenikera. Ukirudishwa siku ya Idi nitauficha wapi uso wangu? Cherehani yangu iko barazani, na kila mpita njia ana mdomo. Siku ile mimi niliona shuka na taa, nikarudi nikalala. Wewe ndiye uliyekesha ukiuliza maswali. Sasa yatosha. Mwombe mama mkwe radhi, unyamaze.

Baba yako,
Salum

Kabasa
6 Mei 1956

Baba,

Shikamoo. Poleni na saumu.

Nimeomba radhi, nimenyamaza. Watoto wananifuata mpaka jikoni, nawafukuza. Nassibu haniamini, sanduku langu amelitoa uvunguni, liko mlangoni. Naogopa, baba. Tena nina hasira, maana hadithi haijaisha.

Mwanao,
Shani

Kabasa
12 Mei 1956

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Idi njema kwenu nyote.

Juzi jioni tulitoka wote kuutafuta mwezi. Ulipoonekana, mama mkwe akaniita mbele ya majirani.

“Wewe Shani, hao watu wako wanakaaga mwezini kwenyewe. Sasa wakifunga, wanangojaga nini kiandame?”

Sikujua kama ananitega. Nassibu akasema, “Si unaulizwa? Jibu.”

Nikajibu, “Wanatutazama sisi, mama. Dunia ikiandama, wanakula Idi.”

Mama mkwe aliinua uso, akautazama mwezi tena.

“Na pilau wanapikia kuni za wapi?” akauliza.

Baba, sanduku bado liko mlangoni. Watoto wamelikalia, wananingoja.

Mwanao,
Shani