Buji Mbili kwa Kabange

Lubumbashi, tarehe 12 mwezi wa tano 1974

Kwa Mama yangu mupenzi, huko Mitwaba,

Mama, kama barua hii inakukuta umesimama, tafuta kwanza kiti, kwa sababu iko na mambo mengi. Jambo yako, Mama. Jambo ya mugongo wako, je, umepoa kisha mavuno? Jambo ya baba-mudogo, na ya batoto bote ba uwanja wa lupango, na ya yule mbuzi mukorofi aliyekula kitambaa chako cha kanisani. Siye huku tuko bazima. Adalbert anafanya kazi yake ya fonderi, kule kwa kuyeyusha shaba, juma moja asubuhi, juma lingine usiku, na anakusalimia kwa heshima ya mukwe. Kabange iko muzima kabisa. Juzi aliachia kiti, akatembea peke yake moja kwa moja kuelekea mbabula ya makala yenye moto, nikamunyakua. Mimi pia niko muzima, ila usingizi unanipita kama gari-moshi ambalo halisimami kwa gare yetu. Karatasi za serikali sasa zinaniita Ngoie, na jina la ubatizo tumeambiwa tuliache. Kwako nabaki yuleyule uliyemwita.

Mama, neno lako nililipata. Shofa Ngosa, dereva wa camion, alilifikisha pamoja na maharagi, na hakupunguza hata kidogo, akalisema kwa sauti yako, mikono kiunoni. Ulisema aniverseri, sikukuu ya mwaka wa kwanza wa Kabange, hapana. Ulisema mupasa aliyebaki peke yake hahesabiwi mwaka mbele ya bantu, kwa sababu ndugu yake aliyekwenda anasikia ngoma na anauliza: na miye je? Halafu anakuja kumuchukua mwenzake. Nililisikia neno hilo kwa masikio yote mawili. Sikudharau. Lakini aniverseri ya Kabange itafanyika siku ya posho, Jumamosi, tukimaliza salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, na nakuomba usome namna gani mbele ya kukasirika.

Nilimwambia Adalbert hivi: kama shida ni kwamba Kyungu, pacha ya Kabange aliyekwenda, asirukwe, basi hatutamuruka. Katika sikukuu hii kila kitu kitakuwa bibili bibili. Masœurs ba kanisa balitufundisha kukata maua ya karatasi, mimi nakata ndege. Natumia karatasi ya sukari na mifuko ya bunga, na kila ndege nafunga na mwenzake kwa uzi mumoja, tutabatundika kutoka mulango mpaka kwa muti wa mapapai. Sahani mbili za bitumbula bya kukaanga, mitungi miwili ya munkoyo ya kunywa. Kila mutoto wa jirani ataingia ameshikana mukono na mwenzake; anayekuja peke yake atangojea kwa mulango mpaka mwingine afike. Na juu ya gato, ile keki ya sikukuu, buji mbili kama mishumaa ya kanisani.

Jirani yetu Alima, bibi ya Amisi fundi wa nguo, bale bantu ba Maniema, alinipa bitambaa bilivyobaki kwa mashini ya bwana yake. Nilimuomba anishonee robe ndogo ya Kabange, na kwa kitambaa kilekile kashati kamoja. Hakuuliza nani atavaa kashati. Aliuliza tu shingo iwe pana namna gani. Mama, kuna bantu banaojua kunyamaza vizuri.

Mama-mukwe Léonie hanyamazi, yeye unamujua. Alipoona buji aliuliza kama kura ya umeme imekatika ao mutoto amekuwa askofu. Gato ya kwanza niliipika kwa kujaribu, sufuria ndani ya sufuria, muchanga chini, makala juu ya kifuniko. Ilitoka ngumu. Léonie akaigonga kwa kidole, akasema Adalbert aipeleke kazini, itafaa kwa kutengeneza tanuru. Mama Alima akacheka mpaka akakaa chini. Lakini nilipokata, Léonie alichukua bipande bibili, kimoja kwa kila mukono. Nikamuangalia. Akasema nyanya wa mapasa anakula kwa mikono miwili, na mimi niache kumuangalia kama polisi. Tangu Kyungu aende, ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno mapasa katika kinywa chake. Gato ya pili iliinuka vizuri.

Sasa sikia kosa la mukwe wako. Kazini alialika benzake, akabaambia balete bintu bibili bibili kwa sababu ni ya mapasa. Mukubwa wa ekipe yao, Kasonde, ni Mubemba. Akisikia mapasa hangojei neno lingine. Alimuambia bibi yake, bibi akabaambia bamama ba kambi yao banaoimba nyimbo za mapasa, na jioni ileile habari ilirudi kwetu kwamba siku ya posho bamama bale banakuja bote. Banakuja na pembe, ule udongo mweupe wa kupaka, na majani, na bitunga, bile bikapu bya kupiga kama ngoma, na zile nyimbo, Mama. Zile zinazotukana suruali ya baba na tumbo la mama bila kuficha neno. Na mimi nimekwisha kualika Sœur Edith wa dispanseri!

Adalbert aliingia nyumbani ameshika kofia kama muntu aliyevunja kitu cha wengine. Alisema atakwenda kumueleza Kasonde kwamba mutoto ni mumoja tu, bamama babaki kwao. Nilikuwa na Kabange kwa maziwa, nimechoka, sikutafuta maneno. Nilimwambia aache. Bakuje. Unajua mwenyewe kwamba mapasa yangu haikuimbiwa. Pembe ilikuwa imetayarishwa, bitunga bimeazimwa, na Kyungu alikwenda mbele ya siku ile ya kubatoa inje. Bantu balirudisha bitunga polepole, kila mumoja njia yake. Basi ni nani aliyemupokea yule mutoto? Nani alimuambia karibu, hata kwa matusi? Mutoto ambaye hakuimbiwa njo anaweza kuuliza: na miye je? Tukimuimbia, atauliza nini tena? Kwa Sœur Edith, Alima alinituliza: hasikii Kibemba wala Kiluba, atapiga mikono na kusema ni nzuri sana.

Lakini bibi ya Kasonde alituma neno moja, na neno hilo njo linaloniandikisha. Alisema batapiga bitunga, batacheza, lakini wimbo wenyewe lazima ufunguliwe na mama aliyezaa mapasa, wa damu ya batoto. Mimi hapana, mimi ni wa kutukanwa siku hiyo. Léonie hakuzaa mapasa. Ni wewe, Mama.

Najua haulisemi jambo lile. Nami sijalisema tangu utoto wangu. Ulizaa mapasa nyuma yangu, na surua ikababeba bote bawili katika juma moja. Balikuambia mapasa haililiwi kwa machozi. Haukulia, na bamama ba Mitwaba balikusifu, balisema Mama Brigitte ni jiwe. Lakini mimi nilisikia muti wa kinu nyuma ya jikoni, nikafikiri leo tutakula bukari, ule ugali wako, mapema, nikakuja na sahani yangu. Kinu kilikuwa tupu, Mama. Ulikuwa unatwanga bila kitu ndani, kwa nguvu, na uso wako wote ulikuwa maji. Nilirudi na sahani yangu polepole. Sikumuambia muntu.

Huku mujini hatutwangi, tunanunua bunga. Kwa hiyo Kyungu alipokwenda, mimi nilifungua robine, bomba la maji la lupango. Ndoo ilijaa ikamwagika, Léonie akapiga kelele juu ya maji, na mimi nililia pale, Kabange akiwa kifuani. Nilimulilia Kyungu kwa jina lake, na si mara moja. Siku hiyo Kabange alinyonya machozi pamoja na maziwa. Na leo anakimbilia mbabula. Sikuombi musamaha kwa hiyo, Mama. Nakuambia ili ujue kwamba machozi hayakumuua. Kama kuna kitu kinachoua, labda ni kinu tupu.

Siku ya posho nitawasha buji mbili. Kabange atasaidiwa kuzima moja. Ile ya pili tutaiacha iwake mpaka iishe yenyewe.

Ngosa aliyekuletea barua hii anarudi na camion siku ya ine, siku mbili mbele ya posho. Nimekwisha kusema naye, kiti cha mbele ni chako, na amekubali kutovuta tumbako. Ukija, ulete mahindi mapya ya shamba. Léonie ameazima kinu, amekiosha yeye mwenyewe na kukiweka nyuma ya nyumba. Tutatwanga pamoja, na safari hii kitakuwa na kitu ndani.

Usalimie baba-mudogo, umuambie tumbako yake itafuata. Usalimie bote banaouliza habari zetu, na hata banaosema tumeharibika mujini. Kabange anakupungia mukono wake, wenye bukari.

Mutoto wako,

Brigitte,
mama wa Kyungu na wa Kabange