Nilimwambia Mama Kioko Peke Yake

Jumamosi, Riruta. Baridi ya Julai imekalia mabati tangu asubuhi na manyunyu hayana haraka ya kuisha. Nguo nilizofua juzi bado ziko kwenye kamba, mbichi. Sijatoka kuziangalia. Leo sitaki kuonekana na mtu.

Shajara, wiki hii nimefanya jambo ambalo sijui niliite nini.

Wanaonisoma hapa mtandaoni wanajua nachora ramani wizarani, upande wa barabara. Wanajua pia kelele nilizopiga majuzi, kwamba hatimaye mtaa wetu utapata mtaro wa maana na njia ya waenda kwa miguu. Mchoro ule ni wangu. Mvua ikinyesha huku kwetu, pembeni mwa barabara panageuka ziwa, na watoto wa shule wanatembea katikati ya magari na bodaboda. Kuna mama jirani aliyegongwa hapo, na mguu wake haujawahi kupona sawasawa. Kwa hiyo nilifurahi, na hata leo, pamoja na yote, naamini ile njia inahitajika.

Lakini mahali nilipopitisha mstari wangu palikuwa na vibanda.

Alama nyekundu za X, za kwamba vitavunjwa, zilipakwa zamani. Watu waliziona, wakapata wasiwasi kwa muda, halafu wakazizoea. Kinyozi mmoja alitundika kalenda juu ya X yake. Serikali hupaka rangi, inapita miaka, hakuna kinachotokea. Ndivyo kila mtu alivyojua, hata mimi.

Jumatano tukawa na mkutano ofisini. Mhandisi wetu, ambaye kusema kweli si mtu mbaya, alifunga mlango kwanza. Kisha akasema tingatinga litaingia Riruta Ijumaa asubuhi, na upande wa Dagoretti Corner Jumanne inayofuata.

"Hii siku isitoke hapa ndani," alisema. "Wakijua mapema watatungoja na mawe, na hatutajenga kitu."

Tuliitikia kwa vichwa. Mimi pia niliitikia.

Jioni niliposhuka matatu stejini sikuenda nyumbani moja kwa moja. Nilipitia kwa Mama Kioko. Mama Kioko anauza mboga. Ametoka Kitui, tunasali kanisa moja, na nilipokuja Nairobi sijui mtu, nikaugua, ni yeye aliyekuwa akiniletea muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, kwa bakuli lililofunikwa kwa leso. Ni kama mamangu. Hilo ndilo nililojiambia njiani.

Kibanda chake kimegusana na cha Nekesa. Ukuta ni mmoja, bati moja. Nekesa ni fundi wa nguo, mtu wa Bungoma, mcheshi, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Jumatano hiyo alikuwa amekaa nje kwenye benchi, miguu ameinyoosha, anapinda majoho ya kwaya ya kanisa lao. Walikuwa na ugeni mkubwa Jumapili hii. Majoho ya zambarau, yenye ukosi mweupe.

"Ndunge! Umekonda hivi kwani hiyo ofisi haikulishi?" alisema, na wote watatu tukacheka.

Kisha nikainama kama mtu anayechagua nyanya, nikamwambia Mama Kioko kwa Kikamba kwamba tingatinga linakuja Ijumaa asubuhi. Nikamwambia atoe vitu vyake kesho. Asimwambie mtu.

Mama Kioko alishika nyanya mkononi akaniangalia. Akauliza, kwa Kikamba pia, "Na hawa wengine?"

Nikamwambia nitafutwa kazi.

Nekesa alikuwa palepale. Ningenyoosha mkono ningemgusa bega.

Sijawahi kujiona mkabila. Nimekuwa nikiwacheka wazee wetu wanaohesabu majina kwenye orodha za mawaziri. Lakini siku niliyokuwa na jambo moja la maana la kumwambia mtu, nilitafuta lugha ambayo jirani yake haisikii, na wala sikufikiria mara mbili. Ilinitoka tu, kama vile mtu anavyochomoa funguo mfukoni.

Alhamisi Mama Kioko alihamisha vitu vyake. Nilikuwa kazini, nilisimuliwa baadaye. Alikodi mkokoteni mchana, akapakia kreti, mizani, meza, hata mabati ya mbele. Nekesa alimsaidia kubeba. Alimuuliza anaenda wapi, Mama Kioko akajibu kwamba msichana wake amempatia nafasi nzuri ya biashara Kawangware. Nekesa akamwombea baraka.

Ijumaa nilitumwa niwepo. Mtu wa ramani lazima awepo kuonyesha mstari unapita wapi, wasije wakavunja nyumba isiyohusika. Nilivaa fulana ya riflekta na kofia ya plastiki, nikasimama kando ya askari, ramani yangu nimeikunjua juu ya boneti ya gari. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba Nekesa atakuwepo, kwamba akisikia tingatinga atawahi kutoa cherehani yake. Watu wengi waliwahi kutoa vitu. Kinyozi alitoa viti na vioo, ile kalenda akaiacha.

Nekesa hakuwepo. Alikuwa ameenda Ngara asubuhi na mapema kununua zipu na uzi wa kumalizia majoho.

Kibanda chake kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Nilikiona. Nilijua kilichokuwa ndani. Ningeweza kumwambia dereva wa tingatinga aanzie upande ule mwingine, angenisikiliza, mimi ndiye niliyekuwa na ramani. Mhandisi alikuwa nyuma yangu akiangalia saa.

Nekesa alishuka kwenye matatu wakati bati la kwanza la kibanda chake linakunjika. Alikuwa na mfuko wa karatasi mkononi. Alitazama kidogo kama mtu aliyeshuka steji isiyo yake, kisha akaniona. Uso wake ukapata tumaini. Hilo ndilo sitalisahau, shajara. Aliponiona, alipata tumaini.

"Ndunge! Ndunge, waambie wangoje kidogo tu nitoe mashini! We ni wa huko, watakusikia! Ndunge!"

Nikatazama ramani yangu.

Sikuwa ninasoma chochote pale. Niliitazama tu mpaka kelele za mbao zikaisha.

Vijana wa steji walimsaidia kuchimbua. Cherehani ilitoka gurudumu limevunjika na meza yake imekuwa vipande. Majoho waliyatoa moja moja kwenye tope. Nekesa hakulia, hakutukana. Alikuwa akiyakung'uta na kuyakunja, kama nguo zilizoanuliwa tu kwenye kamba. Mimi nilipanda gari la ofisi, nikarudi mjini, nikaandika kwamba kazi imekwenda vizuri.

Leo asubuhi Mama Kioko alibisha hodi. Nilidhani amekuja kunishukuru. Nilikuwa hata nimeweka chai.

Hakukaa. Alisimama mlangoni, leso imelowa, akaniambia amefukuzwa kwenye chama chao cha kuchangiana. Wanawake wote wa ule mstari walikutana jana, na mmoja akasema wazi: huyu alijua. Wakamba wameambiana. Alihama jana yake tukimbebea mizigo kama wajinga.

"Hawakuuliza nani ameniambia?" nilisema. Swali la kwanza lililonitoka, shajara, lilikuwa juu yangu.

"Waliuliza," alisema. "Nikasema niliota."

"Na wakaamini?"

"Ndunge, ni nani anaamini hiyo?" Alijifuta macho kwa pembe ya leso. "Mimi nilipokuja huu mji, nguo ya kwanza nilivalia kanisani alinishonea Nekesa. Nilikaa naye ukuta mmoja miaka yote hiyo. Kama ungeniacha nivunjiwe na wenzangu, saa hii ningekuwa nao, tunasaidiana kuchota matope. Sasa niko na mboga zangu zote, na hakuna mtu wa kunisalimia."

Nilimwambia pole. Aliondoka bila kunywa chai, na hakunikaripia hata kidogo. Afadhali angenikaripia.

Nilikaa kitandani muda mrefu. Nilijiambia Nekesa atapata kibanda kingine, kwamba njia ikikamilika hata yeye atapita, kwamba sheria ni sheria na ile ardhi ni ya barabara. Yote hayo ni kweli. Hakuna hata moja lililonisaidia kukaa vizuri.

Mchana nikavaa viatu nikaenda kwake.

Anakaa ploti ya nyuma, vyumba vimepangana, bomba moja katikati. Alikuwa nje, mikono imezama kwenye beseni, anafua majoho. Yaliyokwisha fuliwa yalikuwa yameanikwa barazani, na maji ya beseni yalikuwa na rangi ya chai. Wapangaji wengine walikuwa wanangoja foleni ya maji. Nikawasalimia. Nekesa akanivutia kiti cha plastiki kwa mguu, akasema karibu, kama siku zote.

Nilikuwa nimejipanga kuzunguka kwa maneno. Badala yake nikasema tu, "Nekesa, ni mimi nilimwambia Mama Kioko. Msimlaumu yeye. Mimi ndiye nilimkataza asiseme."

Aliendelea kufikicha ukosi mmoja.

"Najua," alisema.

"Amekuambia?"

"Hajaniambia kitu. Nilikusikia Jumatano." Aliinua joho, akaliangalia kwenye mwanga, akalirudisha majini. "Kikamba sijui. Lakini tingatinga ni tingatinga. Na ulisema Ijumaa, hiyo ulisema kwa Kiswahili. Nikaskia, nikajiambia, hizi ni story za kazi ya Ndunge. Kama ingekuwa inanihusu, si angegeuka aniambie? Mimi niko hapa."

Alisema bila hasira. Kama mtu anayekueleza alivyopotea njia.

"Ndio nikaenda Ngara," alisema.

Sikuweza kumwangalia. Nilitaka aniulize kwa nini, ili nimweleze habari ya kufutwa kazi, ya mkutano, ya mlango uliofungwa. Hakuuliza. Nilimwomba msamaha. Akasema msamaha tutauona, kwanza ana watu wa kuvalisha kesho asubuhi na nguo hazikauki na hii baridi.

Nikakunja mikono ya sweta, nikashika beseni la pili. Tukafua. Maji yalikuwa kama barafu. Wanawake wa foleni walikuwa kimya mno, nikajua walikuwa wamesikia kila neno.

Ndipo Nekesa akauliza, bila kuinua kichwa.

"Na wale wa huko Corner? Wao ni lini?"

Nilijua alichokuwa anauliza. Kila mtu pale alijua. Dadake mdogo Nekesa anauza viatu Dagoretti Corner, na mmoja wa wale waliokuwa na ndoo anapika chapati mkabala na steji ya huko. Akilini nilimwona mhandisi akifunga mlango. Niliona mawe pia, na askari, na mtaro wangu ukibaki kwenye karatasi. Nilifikiria kodi ya nyumba, kaka yangu aliye chuoni. Nekesa alikuwa ameacha kufua. Alikuwa ananitazama, na safari hii hapakuwa na ramani ya kutazama.

"Jumanne," nilisema. "Asubuhi."

Mama wa chapati aliacha ndoo yake chini ya bomba ikifurika, akatoka mbio. Mwingine alikuwa tayari na simu sikioni. Nekesa alifunga bomba, akarudi kwenye beseni.

Hakuniambia ahsante. Alinipa joho lingine.

Sasa ni jioni na mtaa mzima unajua. Nimeona kwenye kundi la wapangaji ujumbe umetumwa na watu nisiowafahamu: Jumanne, Jumanne, toeni vitu. Hakuna aliyetaja jina langu, bado. Mhandisi amepiga simu na sijapokea. Jumatatu nitamwambia mwenyewe kabla hajaniuliza, na nitamwambia pia kwamba hatukupaswa kuwaficha watu siku, hata kama tuliwapa onyo la rangi. Labda atanisikiliza. Labda nitarudi hapa kuandika nikitafuta kazi.

Mama Kioko nimempigia. Nimemwambia Nekesa anajua. Akauliza kama ninadhani akienda kesho kwenye hiyo ibada ya kanisa la kina Nekesa atafukuzwa. Nikasema sidhani. Akasema atapeleka sukuma wiki za kupikia wageni, na kama zitakataliwa zikataliwe.

Ningependa kumalizia hapa, nijione nimefanya la maana. Lakini nimekuahidi ukweli, shajara.

Nilipoenda pale sikuwa na nia ya kutaja Jumanne. Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha wa Ijumaa huku Jumanne nimeikalia. Nilifua majoho yale na ile siku iko kinywani, na ningerudi nayo nyumbani kama nilivyokwenda nayo.

Nekesa asingeuliza, ningesema?