Kashe Yangu Juu ya Bitabu Byako

Mama Neema,

Usitafute mukono wa muntu mwingine humu. Ni mi mwenyewe nimeshika biki, nimekaa ku baraza kwenye kiti yako, na kama herufi zingine zinalala na zingine zinasimama, ubaya ni wa meza. Neema alitaka kuniandikia. Nikamukatalia. Nilikuwa shefu wa kartier hii, mutaa huu muzima, miaka yote ile, sasa nishindwe kumuandikia bibi yangu?

Bitabu bimefika Lusenda, ku kambi. Naanza na hiyo, najua ndiyo unangoja, usisome barua yote na moyo juu. Sasa nikueleze vile ilikuwa.

Unakumbuka vile tuligombanaka. Kila kitabu ulichonunua ama ulichopewa, mi nilikipiga kashe, ule muhuri wa kartier, ku ukurasa wa kwanza, na wino wa blu, mpaka meza inatikisika. Nilisemaka mwizi anaogopa kashe kuliko mbwa. Na ni kweli. Bitabu bya bantu wengine hapa Baraka bimefungia karanga sokoni, byako hapana, ata kimoja. Hiyo sifa ni yangu, na we ulininyimaka mpaka mwisho. Ulicheka tu. Halafu chini ya kashe yangu nzuri vile, ukaacha kila muntu aliyemaliza kitabu aandike jina yake na mukono wake. Batoto ba avenue, ba barabara yetu. Bamama ba Burundi uliokuwa unapanda gari kila juma kwenda kubafundisha kusoma ku kambi ya bakimbizi. Majina imepinda, imepanda, zingine zinaingia ndani ya kashe yenyewe. Nikakuambia, kitabu yenye majina ya bantu bote ni ya nani? Ukanijibu, "Baba Neema, we unaandika mwenye kitabu. Mi naandika benye kusoma." Nikatoka inje, nikakataa kula. Nikakula kesho yake, na ni juu ya wale samaki ulinipikia tu.

Ulipolala ku hospitali ulisema sanduku iende Lusenda kwa Mama Odeta, mwanafunzi wako wa kwanza kule. Nikakuahidi. Matanga yako ikaisha, bantu bakarudi kwao, nikaanza kutafuta gari ya kubeba sanduku. Hapo ndipo Bahati akakuja. Bahati mutoto wa yule mama muuza mikate, ndiye shefu sasa, amekalia kiti yangu na amebeba kashe yangu. Hakukuja na ubaya. Alivua kofia, akatoa pole, akaomba kuona bitabu. Akafungua cha kwanza, kashe. Cha pili, kashe. Akafunga kifuniko cha sanduku polepole. "Mzee," akasema, "kitu yenye kashe ya Leta ni ya Leta, ni ya serikali. Hii inapaswa kupanda Fizi, ku biro ya teritware. Nikiiacha iende kambini, kesho ni mi bataniuliza."

Mama Neema, ningemubishia na nini? Juu ile sheria ni mi niliifundisha kartier yote. Bantu baligombania mbuzi hapa, kiwanja, mutumbwi, na mi nilibaambia: kashe ikishaanguka, mabishano kwisha. Kumbe huyu mutoto alikuwa ananisikiliza vizuri sana. Akaniaga na heshima, akasema atarudi Siku ya Kwanza, Jumatatu, na pusupusu, ile gari ya kusukuma.

Neema akanishauri niparue kashe na wembe. Nikajaribu ku kimoja, kile kidogo cha kusomea, cha hadisi ya mbuzi. Karatasi ikaanza kutoboka, wembe unaelekea ku jina ya kwanza pale chini. Nikaacha. Haikuwa woga. Shefu wa zamani hawezi kukwangua kashe yake sawa muntu ameiba kitambulisho. Lakini nikuambie we peke yako: ile siku nilimurudishia Neema sahani yake. Nilikuona ku kile kitanda, unaniangalia, na mi nimekuahidi.

Nikatuma habari Lusenda na muntu wa moto, wa pikipiki. Nilitaka tu Mama Odeta ajue, asikae anangoja. Sikumuita. Siku ya Kwanza asubui nikaona bamama banashuka juu ya kamyo ya mihogo pale barabarani, batoto mugongoni, bamevaa bitenge bya kanisa. Bakakaa ku baraza, ikajaa. Bahati akafika na pusupusu yake, akasimama, akaniangalia. Nikamuonyesha Mama Odeta na kidole.

Mama Odeta hakubishana naye. Akamusalimia, akafungua sanduku, akatoa kitabu, akaweka kidole chini ya jina, akasoma. "Odeta." Akamupa mwenzake. Yule naye akatafuta, akasoma yake. Ikaendelea vile, kitabu kinazunguka, kingine kinatoka. Hakuna aliyesema ni yangu. Kila muntu alisoma jina yake tu, kwa sauti. Yule mama mzee uliyesemaka kichwa yake ni ngumu sawa yangu, alisoma yake, akarudia, akatuangalia bote kama muntu ameshinda kesi.

Halafu Mama Odeta akachukua kile kidogo, chenye alama ya wembe. Akauliza, "Na huyu wa kwanza kabisa ni nani? Amechora na samaki." Akasogeza kidole. "Ba-ha-ti."

Bahati akapokea kitabu. Akapitisha kidole juu ya zile herufi kubwa za mutoto, na kale kasamaki kenye macho mawili upande mumoja. We unajua. Alikuwa anakuja kungojea mama yake amalize mikate, anakaa na we hapo ku ngazi, mpaka akakimaliza. Akasema na sauti ya chini, "Mwalimu Mama Neema alinigombezaka juu ya huyu samaki. Alisema kitabu si ukuta." Akapangusa macho na kofia. Kisha akacheka. "Mzee, Leta haijasoma ata kimoja humu. Jina yake nimetafuta, haimo. Bamama babebe."

Na pusupusu yake ndiyo ilibeba sanduku mpaka ku kamyo. Wazia, Mama Neema, ule wembe ungeendelea kidogo tu, ungekata Bahati.

Mbele ya kuondoka kwao, nilisema tupige kashe ya mwisho, ya kuachilia, mambo iwe sawa. Bahati akaitoa mufukoni. Mama Odeta akafunika ukurasa na mukono. "Hapana, bashefu. Imetosha." Bakacheka bote, na mi nikacheka. Lakini bado nasema ingefaa.

Juzi nilienda kuona. Bantu ba kule bamebipanga ku mbao, chini ya hema, mvua haifiki. Bakanipa kiti ya mbele. Mama Odeta akaniuliza, Mzee, we umesoma bipi? Nikasema byote. Sasa si bakaanza kutafuta jina yangu. Bafungua hiki, bafungua kile, na mi naona kashe yangu kila mahali, ya blu, nzuri, na mukono wangu hakuna. Nikasema gari inaniacha. Mama Odeta hakunicheka. Akanifuata mpaka barabarani, akaniwekea mu mufuko kile kidogo. Akasema ni cha kuazima, si cha kubaki nacho.

Nakisoma asubui, na kidole, vile ulitakaka kunifundisha nikakimbia. Nimefika pale mbuzi anaingia mu shamba ya mwenyewe. Usiniambie mwisho.

Lala sasa, muke wangu. Moyo yangu imeshuka mahali pake, nakula vizuri, nasinzia mpaka jogoo ananichoka. Hii nakuahidi, na unajua ile nyingine niliitimiza: nikikimaliza, nitaandika jina yangu na mukono wangu, chini ya bengine bote, bila kashe, na nitakirudisha Lusenda mi mwenyewe. Na sitachora kitu pembeni.

Ni mi,
Baba Neema