Mtama Usio na Baba

Kitale, 11 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Oluoch,

Leo natimiza miaka arobaini na mmoja tangu nitoke Seme. Natumaini wewe na shemeji Rachael mko salama, na goti lako limepata nafuu. Mimi ni mzima.

Uliniomba nije kufungua msimu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na hakuna boma la ukoo wetu linalopanda kabla sijamwaga mbegu. Ulitaka nimwage mbegu mpya ya mwanao Griffins, chotara wa mtama wetu na mtama mwitu wa kando ya ziwa, usiodhuriwa na kayongo. Nilifurahi. Gugu hilo ndilo lililommalizia mama shamba.

Lakini mwalimu wa bayolojia hastaafu. Niliotesha punje za pakiti uliyonitumia, nikapeleka majani Kisumu kwa Nakhungu, mwanafunzi wangu wa zamani, anayepima vinasaba. Alinieleza kwamba chotara wa kweli huonyesha alama mbili, ya mama na ya baba. Majani yangu yote yalionyesha ya mama peke yake. Akacheka: “Mwalimu, huyu mtoto hana baba.”

Nilimkuta Griffins kwake mtaa wa Nyalenda, mjini Kisumu, akipaka punje rangi ya waridi kama mbegu za dukani, ndani ya beseni la kufulia. Alikiri kwamba alipanda mitama miwili bega kwa bega, akauachia upepo kazi. Mtama hujichavusha wenyewe, Oluoch. Usipolihasi ua kwa mkono, yaani kuliondolea sehemu za kiume, upepo unachelewa. Kosa hilo ningelisamehe. Lakini naye alishapima, akapata majibu yale yale tangu Novemba, na bado anafunga pakiti za kuuza.

Nikamwambia nitakueleza wewe. Hakushtuka hata kidogo.

“Baba mkubwa, mzee anajua. Ni yeye alisema ukimwaga wewe, hakuna mtu atauliza.”

Nilitema mate pale pale. Kombewa kwako haikuwa mbali, lakini nilipanda gari la Kitale.

Kumbe hukunikumbuka. Ulitaka mkono wangu uwadanganye majirani, hata mjane Celestine mwenye kishamba kimoja tu. Nikiuangalia mkono huu naona kinyaa.

Nimemwandikia mchungaji wenu awatangazie watu Jumapili: msimu nimeufungua mimi huku huku Kitale, kwa mbegu ya zamani, kila mtu apande bila kuningoja. Nimemwambia na sababu.

Msalimie Rachael, yeye sina neno naye. Mungu awape mvua.

Sitarudi.

Kaka yako,
Dalmas