Skrubu Nne Sakafuni

Kwako dada yangu mpenzi,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na watoto wote, pamoja na yule kitinda mimba wenu ambaye nasikia ameota meno na sasa anamng'ata kila anayemchekea. Mguu wako je, ule uliojikwaa kwenye kigoda chetu, umepona? Mimi mwilini ni mzima, nakula, nakwenda karakana asubuhi na kurudi jioni. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha kitako niandike. Nimempa shemeji barua hii mkononi na kumwomba uisome kabla ya Jumamosi, hata kama atakukuta jikoni. Funika sufuria, kaa, usome.

Nimepata habari kwamba Jumamosi wewe na baba mdogo mnakwenda kwa wakwe zangu, kuwaeleza kwamba binti yao ameikimbia nyumba bila sababu, na kuwataka wamrudishe na aniombe radhi. Najua unafanya hivyo kwa kunipenda. Tangu mama alipotutoka wewe ndiye uliyenilea, wewe ndiye uliyenipa jina la Kisiki kwa sababu nikikaa mahali sing'oki, na hukuwahi kunyamaza mtu akinionea. Lakini safari hii, dada, hukuambiwa yote, na aliyekuficha ni mimi.

Vituko vya nyumba yangu unavijua, maana nilikuwa nikikuletea kila tulipoonana, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Nilivyorudi kutoka kazini nikakalia hewa, kiti nilichokiacha hapo asubuhi kikiwa kimehamia chumbani. Kabati lilivyotoka ukuta wa kushoto likaenda wa kulia, kisha likarudi kwao kama mtu aliyekwenda kusalimia. Kitanda kilivyogeuzwa mimi sipo, asubuhi nikaamka na kuuvaa ukuta kwa paji la uso. Jina la Bi Hamisha nililitunga mimi, wewe ukalieneza kwa ukoo mzima. Siku ile ulipojikwaa ulisema mwanamke asiyeweza kutuliza viti hawezi kutuliza nyumba, nami nikaitikia kwamba ni kweli. Alitusikia. Alikuwa jikoni anachemsha maji ya kukukanda mguu.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinahama. Zamani wifi yako alipanga upya mara moja moja tu, kwa kupenda, nami sikujali. Ila tangu jirani alipopandisha ghorofa na kulifunika dirisha letu la sebuleni, ikawa kila wiki, mwishowe kila siku. Asubuhi meza ya cherehani iko mlango wa mbele, adhuhuri iko uani, alasiri iko chumbani chini ya kile kidirisha, na kila inapokwenda viti, meza ya chakula na kabati vinasogea kuipisha. Nilimuuliza anatafuta nini, akasema mwanga. Nikamwambia taa ipo. Akasema taa si jua, hasa kwa nguo nyeusi. Nikamjibu kwamba mimi napiga randa kwenye karakana yenye giza la pangoni na vidole vyangu kumi ninavyo vyote. Mafundi mbao tuna ugonjwa mmoja, dada: tukiona kitu kinachezacheza, mkono unakimbilia skrubu kabla kichwa hakijauliza kinachezeshwa na nini.

Siku moja alipokwenda kupeleka nguo za mteja, nilirudi na keekee, nikatoboa sakafu, nikaikaza meza ile kwa skrubu nne nene. Niliiweka kwenye kona nyuma ya mlango, pasipomkera mtu. Aliporudi aliitazama, akaisukuma kwa paja, haikutikisika. Hakupiga kelele. Aliniomba nifungue, nikamwambia atazoea. Wiki ya pili akaniomba tena, kwa upole, nikamwambia bisibisi imepotea. Nyumba yangu ina bisibisi saba.

Alishona kwenye kona ile majuma matatu, pua ikikaribia kugusa kitambaa. Juma la nne sindano ikaingia kwenye kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia, ikapita kwenye kiungo, ikavunjikia ndani. Mimi nilikuwa kazini, jirani ndiye aliyempeleka hospitali. Alipotoka huko alikwenda kwa wazazi wake, na huu ni mwezi wa pili. Ninyi niliwaambia kwamba alinuna kwa kukatazwa kuhamisha viti, na kwamba kidole alijichoma kwa haraka zake. Hicho ndicho mlichonacho mkononi mnapojiandaa kwenda kudai radhi.

Juma lililopita mama mkwe alikuja kuchukua nguo za mwanawe. Nilimkaribisha kiti, akakataa, akasimama mlangoni. Akaniambia daktari amekuta mtoto wa jicho, macho yote mawili, na si wa leo wala jana. Wifi yako alikuwa akificha kwa sababu mshonaji akisikika haoni vizuri wateja humkimbia. Mimi alitaka kuniambia, mama mkwe alisema, lakini kila alipofungua mdomo kuhusu mwanga alikuta nyumba nzima inacheka. Macho yatapasuliwa moja baada ya jingine, na kuna matumaini. Kidole kimepona ila hakikunjiki tena, na mkasi haukamatiki. Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, akaomba maji, akanywa, akafunga kilemba chake na kwenda zake.

Hapo unaweza kunitetea, dada, ukasema ndugu yangu hakujua. Nami nilijaribu kujitetea hivyo siku mbili nzima. Lakini nilijua.

Mwezi mmoja kabla ya kuikaza ile meza, alinishonea shati la buluu la kwendea harusi ya mwenzangu wa karakana. Mkono mmoja ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa buluu, mwingine kwa uzi wa kijani. Huyo ni mwanamke aliyekuwa akiona pindo lililopotoka kwenye gauni la mtu anayepita ng'ambo ya barabara. Alinikabidhi akaniuliza kama limenipendeza, na hakulitazama shati, alinitazama mimi usoni. Nikasema limenipendeza. Kisha nikalificha kwenye sanduku la vifaa, chini ya randa, nikaenda harusini na shati la zamani. Nilielewa pale pale kwamba anafuata jua kwa kuwa haoni. Ila ningesema hivyo, Bi Hamisha angekuwa na haki, na mimi niliyewachekesha nyote miaka yote hii ningekuwa mjinga wenu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wangu umetumbukia kwenye kidole cha mtu asiye na kosa, naye ndiye niliyeapa kumtunza. Naona aibu, dada, na naumia.

Basi Jumamosi nendeni, lakini msidai kitu. Msomee baba mkwe barua hii yote, baba mdogo naye asikie, na jina lile lisitamkwe tena katika ukoo wetu. Wifi yako msimwombe arudi. Kurudi au kutorudi ni kwake. Mwambieni tu kwamba skrubu nimezing'oa na meza nimeifunga magurudumu manne, nikayapaka mafuta mpaka inakwenda ukiisukuma kwa kidole kimoja. Nilipokuwa naijaribu ndipo nilipokumbuka kidole chenyewe, nikakaa chini sakafuni, karibu na yale matundu manne, nikalia.

Nisalimie wanangu wote, na umwambie shemeji ahsante kwa kunibebea mzigo huu. Msinisubiri njiani. Nitatangulia, nitakaa nje ya nyumba ya wakwe mpaka niitwe, na nisipoitwa nitakaa vilevile. Utaniona kwa mbali, nimevaa shati la buluu, mkono mmoja una uzi wa kijani.

Ni mimi mdogo wako,
Kisiki